Mhudumu wa afya anashinda amesimama wodini: je, bado anahitaji mazoezi? Na yalitusaidia kweli wakati wa UVIKO-19?

#1 ZamuYaUsiku
Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyonikaa kichwani tangu wakati wa UVIKO-19, nilipokuwa muuguzi katika wodi iliyotengwa kwa ajili ya ugonjwa huo. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba tumeingia katika janga la dunia nzima. Likizo zetu zilisitishwa, ukumbi wa mazoezi niliokuwa nikienda ukafungwa, na muda si mrefu kuta za hospitali zikajaa matangazo ya kutuhimiza tufanye mazoezi ili kulinda afya ya akili. Wengi wetu tuliyapita kwa kicheko. Mtu aliyeshinda akiwageuza wagonjwa kifudifudi, akisukuma mitungi ya oksijeni na kuzunguka kati ya vitanda ndani ya gauni lisilopitisha hewa, ataambiwaje kwamba mwili wake haujafanya kazi?

Hata hivyo, wenzetu wachache waliokuwa wakikimbia au kuruka kamba nyumbani baada ya zamu hawakuelemewa kama sisi wengine. Walilala vizuri zaidi, hawakuwa wepesi wa hasira wakati wa kukabidhiana zamu, na wamebaki katika idara ileile ilhali baadhi yetu tuliomba kuhamishwa. Kwa hiyo nadai mambo mawili: kwanza, kwamba kazi ya wodini si mazoezi, pili, kwamba mazoezi ndiyo yaliyowakinga wenzetu hao. Anayepinga aje na sababu, na anayekubali atueleze kinga hiyo ilipita njia gani.

#2 Mpimajoto
Asante kwa uzi, lakini dai lako la kwanza silikubali. Msuli haujui kama mwenye nao analipwa mshahara au anajiburudisha. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London, wakaonyesha kwamba makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa nzima, waliugua maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokuwa wameketi. Hapo ndipo elimu ya kisasa ya mazoezi na moyo ilipopata nguvu, na chanzo chake kilikuwa kazi ya kila siku, si uwanja wa michezo. Ikiwa ngazi za basi zilimfaa kondakta, kwa nini korido ndefu za hospitali zisimfae muuguzi?

#3 KiungoNaMsuli
Mpimajoto, utafiti wa Morris umeueleza sawasawa, ila umeishia mwaka 1953. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na suala hili tunalikuta kila mara kwa wagonjwa wenye kazi za kusimama na kunyanyua. Watafiti wa Denmark, akiwemo Andreas Holtermann, wamekuwa wakieleza kitendawili kimoja: shughuli za mwili anazozifanya mtu katika muda wake wa mapumziko huambatana na moyo wenye afya, lakini shughuli nzito za kazini haziambatani na faida hiyo, na mara nyingine huambatana na madhara. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen, na mwelekeo ulibaki uleule hata baada ya kuzingatia mtindo wa maisha na hali ya kiuchumi ya washiriki.

Sababu wanazozitaja zinaingia wodini moja kwa moja. Kutembea kwa muuguzi ni kwa kukatika-katika: hatua chache, anasimama, anainama, anarudi. Mapigo ya moyo hayapandi kiasi cha kuufunza moyo, ila hubaki juu kidogo kwa saa nyingi mfululizo, pamoja na shinikizo la damu. Kuinama juu ya kitanda na kumshikilia mgonjwa mzito ni kukaza misuli bila kuichezesha, jambo ambalo hupandisha shinikizo zaidi. Tena hakuna nafasi ya kupumzika kati ya mzigo mmoja na mwingine, na mwenye kazi hachagui lini aanze wala lini aache. Mwanariadha huacha anapochoka. Muuguzi huacha anapopokewa. Wakati wa janga, vifaa kinga viliongeza joto la mwili, na wengi walijinyima maji ili wasilazimike kuvua vifaa kwa ajili ya kwenda msalani.

#4 HesabuKwanza
Nashukuru kwa maelezo hayo, ingawa naona mnakimbilia sababu kabla ya kuhakikisha kwamba kuna jambo la kutolewa sababu. Tukirudi kwa mabasi ya Mpimajoto: mwaka 1956 Morris mwenyewe na wenzake walichunguza sare za wafanyakazi walewale, wakakuta kwamba madereva walivaa suruali zenye kiuno kipana kuliko makondakta, hata wale waliokuwa vijana. Maana yake ni kwamba huenda waliokuwa wanene zaidi ndio waliochukua usukani tangu mwanzo, na tofauti ya moyo haikuletwa na ngazi peke yake.

Sasa lihamishie swali hilo kwa wenzako, ZamuYaUsiku. Je, walikuwa imara kwa sababu walikimbia, au walikimbia kwa sababu walikuwa imara? Sonona huanza kumnyang'anya mtu hamu ya kufanya lolote, na mazoezi huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuachwa. Ukiwauliza wahudumu kwa hojaji ya siku moja tu, utakuta wanaofanya mazoezi wana hali nzuri zaidi, na hutajua kipi kilitangulia. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa haraka mwaka 2020 zilikuwa za namna hiyo. Ule wa China uliotoka Machi 2020 katika jarida la JAMA Network Open, kwa wahudumu 1,257 wa hospitali 34, ulikuta dalili za sonona kwa asilimia 50.4, wasiwasi kwa asilimia 44.6 na kukosa usingizi kwa asilimia 34. Unatueleza ukubwa wa tatizo, na kwamba wauguzi, wanawake na waliokuwa mstari wa mbele walielemewa zaidi. Nini kingewaponya, hautuelezi.

#5 BibiWaWodi
Wanangu, mimi nimestaafu, na janga hili lilinikuta katika miaka yangu ya mwisho kazini. Sikukimbia wala sikuruka kamba, kwa maana magoti yangu yasingekubali. Nilichofanya ni kuacha kupanda gari kutoka kazini na kurudi nyumbani kwa miguu, peke yangu, bila simu mkononi. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimekwisha kuyaacha ya wodini njiani. Mwendo huo haukuwa na jasho la kutajwa, na moyo wangu sidhani kama ulipata mafunzo yoyote ambayo KiungoNaMsuli angeyatambua. Kwa hiyo nadhani mnaitafuta dawa mahali ambapo haikuwepo. Kilichonifaa ni kipindi ambacho hakuna mtu aliyeniita jina, hakuna kengele iliyolia, na hakuna aliyekuwa akinisubiri nimfanyie kitu. Kama ningekaa bustanini kwa muda uleule, pengine ningepata nafuu ileile.

#6 MaabaraTu
Bibi, shikamoo. Umewapokonya watu wa fiziotherapia ugali wao kwa aya moja.

#7 KiungoNaMsuli
Bibi hajanipokonya chochote, MaabaraTu. Amenipa mgonjwa wa mfano. Mwendo huo wa kila siku anaoudharau unahesabika kikamilifu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2020 unawataka watu wazima wafanye shughuli za mwili za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au zile za nguvu kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Kutembea kwa kasi ya kawaida ya mtu anayetaka kufika kwake kumo ndani ya kundi la wastani.

#8 Mpimajoto
Hapo ongeza kwamba kila kipindi sharti kifikie dakika 10, la sivyo mtu atajumlisha safari zake za chooni.

#9 KiungoNaMsuli
Hapana. Sharti la dakika 10 mfululizo lilikuwa katika mapendekezo ya mwaka 2010, na mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa. Sasa vipindi vifupi navyo vinahesabika, jambo lenye manufaa makubwa kwa mtu ambaye mapumziko yake hayatabiriki. Safari za chooni nakuachia wewe uamue.

#10 MwanafunziWaUdaktari
Naomba niingie, wakubwa zangu. HesabuKwanza amesema kweli kuhusu hojaji za siku moja, lakini yapo pia majaribio yaliyogawa washiriki kwa bahati nasibu, na moja lilifanywa kwa wahudumu wa afya wenyewe. Huko British Columbia, Kanada, mwaka 2022, wahudumu 288 waliokuwa hawafanyi mazoezi ya kutosha waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa programu ya simu ya kufanyia mazoezi nyumbani, likaombwa kufanya vipindi vinne vya dakika 20 kila wiki kwa wiki 12, na jingine likasubiri zamu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika JAMA Psychiatry. Dalili za sonona zilipungua zaidi kwa waliofanya mazoezi, na pamoja nazo uchovu wa kihisia, hali ya kuidharau kazi, na siku za kukosekana kazini kwa ugonjwa. Hapo swali la kipi kilitangulia limejibiwa, kwa sababu washiriki hawakujichagulia kundi.

#11 HesabuKwanza
Jaribio hilo nalifahamu na ni zuri, kwa hiyo nitalisoma hadi mwisho wake. Katika wiki ya pili, asilimia 54.9 ya waliopewa programu walifikisha dakika 80 walizoombwa. Kufikia wiki ya 12 walikuwa wamebaki asilimia 23.2. Hawa ni watu waliojitolea wenyewe, waliopewa programu bila malipo, na wasiolazimika kutoka nyumbani. Tena mtu aliyewekwa katika kundi la kusubiri anajua kwamba hajapewa kitu, na mtu aliyepewa anajua kwamba amepewa. Unapowauliza wote wawili wanajisikiaje, sehemu ya jibu lao ni matarajio. Sidai kwamba mazoezi hayakufanya kazi. Ninachosema ni kwamba hatujui ni dakika ngapi zilizofanya kazi hiyo, wala kwa nani.

#12 MpangaZamu
Mimi ndiye huwa nalaumiwa katika nyuzi za namna hii, kwa sababu kazi yangu ni kupanga zamu. Asilimia hiyo 23 hainishangazi hata kidogo. Mazoezi huhitaji mtu ajue Jumatatu kwamba Alhamisi saa fulani atakuwa huru. Wakati wa janga ratiba niliyoipanga asubuhi iliweza kubadilika kabla ya jioni, kwa kuwa mtu ameonyesha dalili, amejitenga, na aliyekuwa mapumzikoni anapigiwa simu. Niliwaona watu wakianza kwa ari na kuacha baada ya kuitwa kazini katika siku waliyoahidiwa kupumzika. Naomba pia nimuulize mleta mada: hao wenzako waliokuwa wakikimbia walikuwa na zamu za kudumu, au walizunguka mchana na usiku kama wengine?

#13 ZamuYaUsiku
Swali zuri, MpangaZamu. Wawili walikuwa katika kliniki ya mchana kabla ya kuletwa kwetu, na waliachwa na zamu za mchana. Mwingine alizunguka kama sisi sote, usiku kwa mchana, na alikimbia vilevile.

#14 HesabuKwanza
Basi huyo wa tatu ndiye pekee anayelisaidia dai lako. Wawili wa kwanza huenda waliokolewa na ratiba, na kukimbia kulikuwa ushahidi tu kwamba ratiba ilikuwa ya kibinadamu.

#15 SautiYaChini
Nimewasoma wote kwa makini, na nashangaa kwamba tumefika hapa bila mtu kuuliza ni nani aliyefaidika na matangazo yale ya ukutani. Katika orodha yake ya magonjwa ya toleo la 11, Shirika la Afya Duniani limeuweka uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na ajira, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Haukuorodheshwa kuwa ugonjwa wa mtu binafsi. Kisha mwajiri anamwambia muuguzi akapige pushapu. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 huenda walifariki kwa UVIKO-19 kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Mtu anayeogopa kuingia katika hesabu hiyo kwa kukosa barakoa ya N95 hana upungufu wa mazoezi.

Nitaongeza jambo moja. Novemba 2020 ulitoka uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopitia tafiti za afya, uliokusanya tafiti 16 kuhusu namna ya kuwasaidia wahudumu wa mstari wa mbele kisaikolojia wakati wa milipuko ya magonjwa. Ushahidi wa kupima nini kinafanya kazi ulikuwa haba mno, lakini vikwazo vilijitokeza waziwazi: wahudumu na taasisi zao hawakutambua walihitaji nini, na hapakuwa na vifaa, wala muda wa wafanyakazi, wala ujuzi wa kuiendesha misaada yenyewe. Muda, ndugu zangu, ndicho kilichokosekana, na hakuna programu ya simu inayotengeneza muda.

#16 KiungoNaMsuli
SautiYaChini, hasira yako naielewa, na kuhusu vifaa kinga hatuna ubishi. Lakini hoja yako inatulazimisha tuchague kati ya kumdai mwajiri na kuutunza mwili, kana kwamba mtu hawezi kufanya yote mawili. Mgongo wa muuguzi aliyeimarisha misuli ya kiuno na mapaja humshukuru siku ya kumgeuza mgonjwa, awe na mwajiri mwema au mbaya. Hilo halikutajwa popote katika uzi huu, kwa kuwa tumeng'ang'ania moyo na akili tu. Maumivu ya mgongo pekee yanatosha kumnyima mtu usingizi, na asiyelala hana subira na yeyote.

#17 SautiYaChini
Nipe watu wanne wa kumgeuza mgonjwa badala ya wawili, halafu tuzungumzie mapaja yangu.

#18 PumziFupi
Naomba tahadhari kidogo kabla hamjaendelea. Niliambukizwa nikiwa kazini, nikapona kwa jinsi vipimo vinavyosema, kisha nikarudi katika mazoezi kwa sababu kila mtu alinihimiza, hasa wenzangu wa kazini waliojua kwamba nilikuwa mkimbiaji. Kila nilipojikaza niliangushwa kitandani, na si siku hiyohiyo bali siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo ilinichukua muda mrefu kuunganisha chanzo na matokeo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali inayobaki baada ya UVIKO-19, ambayo kwa kawaida huonekana miezi 3 tangu kuugua na kudumu angalau miezi 2. Mwezi huohuo taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa uchovu sugu wa aina ya ME, kwa sababu ya malalamiko yanayofanana na yangu. Wahudumu wengi waliambukizwa, wengine zaidi ya mara moja. Ushauri wa jumla wa "fanya mazoezi utajisikia vizuri" ulitufikia na sisi, na ulitudhuru.

#19 BibiWaWodi
Pole sana, mwanangu. Nilikuwa na msaidizi wodini aliyeitwa mvivu kwa jambo hilohilo, na waliomwita hivyo walikuwa watu wa afya.

#20 KiungoNaMsuli
PumziFupi, hili ni sahihi, na asiyelijua asitoe ushauri. Anayedhoofika siku inayofuata baada ya kujikaza hupangiwa nguvu zake kwa kipimo, akiacha akiba kila siku, na haongezewi mzigo kwa kufuata kalenda. Kwa mtu wa namna hiyo hata kuoga akiwa amesimama kunaweza kuwa zoezi la kutosha.

#21 MaabaraTu
Nami nina maelezo yangu, ingawa nayatoa nikijua HesabuKwanza ameshika kalamu nyekundu. Mimi nadhani njia yote ilipitia usingizi. Zamu za usiku huivuruga saa ya mwili, na shirika la utafiti wa saratani la IARC limeziweka tangu mwaka 2007, na tena mwaka 2019, katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Kwa hiyo si jambo la kuchezea. Anayefanya mazoezi nje hupata vitu viwili kwa mpigo, yaani mwanga wa jua unaoirekebisha saa hiyo na uchovu wa mwili unaomsaidia kulala. Sisi wa maabara tulishinda ndani chini ya taa, tukitembea kidogo kuliko wauguzi, na tulikosa usingizi vilevile. Hii ndiyo sababu naona mwendo wa Bibi ulimfaa: ulikuwa nje.

#22 HesabuKwanza
Kalamu naiweka chini kwa sasa. Ila angalia kwamba washiriki wa Kanada walifanyia mazoezi ndani ya nyumba zao, na bado walipata nafuu. Mwanga hauwezi kuwa maelezo yote.

#23 MaabaraTu
Wala utulivu wa Bibi, kwa maana programu ile ilikuwa inawaamrisha waruke.

#24 MwanafunziWaUdaktari
Samahani kwa swali la vitendo kati ya hoja nzito. Wiki ijayo naanza zamu za usiku kwa mara ya kwanza. Nikitoka asubuhi, nifanye mazoezi kabla ya kulala, au nilale kwanza nifanye jioni kabla ya kurudi kazini?

#25 KiungoNaMsuli
Lala kwanza. Mazoezi makali hupandisha joto la mwili na mapigo ya moyo, na ukiyafanya asubuhi kwenye jua kali unaiambia saa ya mwili kwamba siku ndiyo imeanza, ilhali wewe unataka kulala. Fanya baada ya kuamka, kisha kula, kisha nenda kazini. Kabla ya kulala, kujinyoosha kwa upole kunatosha.

#26 BibiWaWodi
Ushauri huo ni mzuri kwa asiye na watoto. Mimi nilipokuwa naamka baada ya zamu ya usiku, nyumba nzima ilikuwa inanisubiri, na jioni yangu haikuwa yangu tena. Muda pekee niliokuwa nao ulikuwa ule wa kutoka kazini, kwa hiyo niliutumia huo, jua au mawingu. Tazama kwanza ni saa ipi ambayo watu hawataidai, mwanangu, halafu ndipo usome kuhusu joto la mwili.

#27 MpangaZamu
Na ukishaipata saa hiyo, mwambie anayekupangia zamu mapema, kwa maandishi. Siahidi kwamba ataizingatia.